Kusoma eksirei ya tumbo usiku ukiwa peke yako wodini: fuata hewa

Ndugu zangu maintani na matabibu mlioko wilayani, hii ni yenu. Yaani kule ambako mashine ya eksirei ipo, ultrasaundi ipo ila anayeimudu yuko likizo, na siti skani ni mpaka mgonjwa apakiwe kwenye ambulensi masaa matatu hadi mkoani. Saa nane usiku analetwa mtu tumbo limevimba limekaza kama ngoma, anatapika, hajapata choo wala kutoa upepo leo siku ya tatu, unaandika picha ya tumbo, picha inakuja, unaichomeka kwenye boksi la taa alafu unabaki unaikodolea macho maana ni weusi na ukijivu umepishana tu na hujui pa kuanzia. Picha ya kifua wengi tulifundishwa tukaiva, ya tumbo tuligusiwa juu juu tukaambiwa siku hizi watu wanapiga siti skani. Sawa, wanapiga, lakini kwako haipo na mgonjwa yuko hapo kitandani.

Jambo ninaloomba mlishike ni moja: fuata hewa. Karibu kila dharura ya tumbo ambayo picha ya kawaida inaweza kuionyesha, inajionyesha kwa hewa. Ama imejaa kupita kiasi, ama imefika mahali ikaishia haiendelei mbele, ama imetoka nje ya utumbo ikaenda kukaa isipotakiwa. Ukishajua hewa ya huyu mgonjwa iko wapi, mengine yanafuata.

Kwanza mkono, ndo picha

Mguse mgonjwa kabla hujaitazama picha. Najua mmeambiwa mara mia, ila ngoja niwape yaliyonikuta. Nikiwa intani aliletwa baba mmoja wa makamo, tumbo limejaa, anatapika maji ya kijani ambayo baadae yakawa ya kahawia na harufu ya choo. Picha ilipotoka niliisoma, utumbo mwembamba umetanuka, mbele hewa hakuna, nikaandika kwenye faili kwamba utumbo umeziba, nikamwekea mpira wa puani na dripu, nikasubiri daktari wa upasuaji afike asubuhi. Alipofika hakuanza na picha. Alisema "Pole sana mzee wangu, naomba nikufunue kidogo", akashusha ile kanga aliyojifunika, na pale kinena cha kulia kulikuwa na uvimbe kama embe dogo, ngozi imekuwa nyekundu, ukigusa tu mzee anaruka. Ngiri imejinyonga tangu jana yake. Nikarudi kwenye picha nikaiangalia upya, ilikuwa imekatiwa juu ya mfupa wa kinena, yaani sehemu yenyewe yenye ngiri haimo kwenye picha na mimi sikuona kwamba haimo. Walikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshaoza. Alipona, namshukuru Mungu, lakini yale masaa aliyolala na ngiri iliyojinyonga niliyasababisha mimi, simtwishi mtu mwingine.

Kwa hiyo sasa picha haijapanda kwenye boksi la taa mpaka niwe nimeona kinena vyote viwili, nimeangalia kama kuna kovu la upasuaji wa zamani, nimepima puru (mwisho wa utumbo mpana, juu ya njia ya haja kubwa) kwa kidole, nimeuliza mara ya mwisho alitoa upepo lini (swali hili watu wanaona aibu kuliuliza na kulijibu, uliza tu), na kama ni mwanamke wa umri wa kuzaa nimeuliza hedhi na nimepima mimba kabla ya mionzi.

Ikague picha yenyewe

Jina, umri, tarehe. Usiku wodi ikiwa na matumbo matatu, picha zinachanganyika kirahisi sana. Halafu alama ya upande. Mgonjwa kwenye picha ni kama anakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako, na njia ya haraka ya kuhakiki ni ini, ule wingu mkubwa wa kijivu juu, linatakiwa liwe kulia kwake, na hewa ya mfuko wa chakula iwe kushoto kwake chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Kisha jua amepigwa amelala au amesimama. Picha ya kawaida ya tumbo anapigwa amelala chali. Ukiona mistari iliyonyooka kama maji ndani ya glasi, juu nyeusi chini kijivu, ujue hapo alisimama au alikaa, maana kwa aliyelala chali hewa inapanda mbele na maji yanalala nyuma na huo mstari huuoni.

Mwisho angalia mipaka. Picha lazima ishuke mpaka mfupa wa kinena wote uonekane pamoja na pande zake mbili, na pembeni zionekane kuta za tumbo. Mtu mwenye mwili mkubwa film moja haimtoshi. Ikiwa imekatwa na kinachotafutwa kinaweza kuwa pale palipokatwa, mrudie mtu wa mionzi kistaarabu, "kaka samahani, kinena hakijaingia, nisaidie moja ya chini", wengi wao watakusaidia na wengine watakuonyesha kitu ambacho wewe hukukiona, wale watu wameona matumbo mengi kuliko sisi, waulizeni.

Rangi ni tano tu. Hewa nyeusi, mafuta kijivu cheusi, nyama na maji kijivu, mfupa na chokaa nyeupe, chuma nyeupe kupita zote. Hapo kuna jambo la kushika: nyama na maji rangi yao ni moja. Utumbo uliojaa maji matupu hutauona, utapotelea kwenye ukijivu wa tumbo lote. Mpaka wa kitu unauona kwa sababu pembeni yake kuna hewa au mafuta, ndo maana figo na msuli wa soasi unaoshuka pande mbili za uti wa mgongo vinachoreka kwa ule utepe mwembamba wa mafuta.

Sasa ifuate hewa

Anza juu kushoto kwa mgonjwa, mfuko wa chakula. Shuka katikati, utumbo mwembamba, kwa mtu mzima mzima wa afya unakuta vipande viwili vitatu tu vyenye hewa kidogo. Kisha zunguka pembeni na utumbo mpana, yaani koloni, kama unafuata fremu ya picha ukutani: sekamu (mwanzo wake) chini kulia, koloni inapanda mpaka chini ya ini, inakatiza, inashuka kushoto, sigmoidi (kipande cha mwisho kabla ya puru), inaishia puru katikati ya nyonga. Kinyesi kinasaidia sana hapa, kina sura ya madoadoa, kijivu kilichochanganyika na vitundu vyeusi vidogo vidogo, na ukikiona ujue hapo ni utumbo mpana.

Kutofautisha mwembamba na mpana usitegemee mahali peke yake, maana utumbo ukitanuka unahama. Tazama mikunjo. Mwembamba mikunjo yake ni myembamba, iko karibu karibu, na inakatiza upana wote toka ukuta hadi ukuta kama springi iliyovutwa. Mpana una vifuko vifuko, na mikunjo yake ni minene inaingia kidogo kutoka pembeni inaishia njiani, haifiki ng'ambo. Ukisitasita chagua kipande kimoja kilichojaa hewa safi, weka ncha ya kalamu ukutani na uufuate mkunjo mmoja uone unaishia wapi. Usijaribu kusoma tumbo lote kwa mara moja.

Halafu pima. Kanuni ni 3, 6, 9: utumbo mwembamba usizidi sentimita 3, mpana usizidi 6, sekamu isizidi 9. Kama picha imekuja kwenye simu na rula haifai, tumia mwili wa mgonjwa mwenyewe, pingili moja ya kiuno, yaani mfupa mmoja wa uti wa mgongo, kwa mtu mzima urefu wake kwenye picha unakaribia sentimita 3 hivi. Utumbo mwembamba ukiwa mpana kuliko pingili ilivyo ndefu, umetanuka. Hiyo sio kipimo cha maabara ila saa nane usiku inakuvusha.

Umeziba mwembamba unaonekanaje? Mikono ya utumbo (mizunguko yake) iliyotanuka imejazana katikati, mikunjo ya springi, na utumbo mpana uko mtupu au una hewa kidogo mno. Zingatia neno kidogo, mtu aliyeziba tangu asubuhi bado ana hewa ya zamani kwenye koloni, haijapata muda wa kutoka, kwa hiyo hewa kwenye puru haikufuti wasiwasi. Akipigwa amesimama utaona ile mistari ya maji na hewa, mingi, na ndani ya mkono mmoja wa utumbo mstari wa upande huu uko juu kuliko wa upande ule. Lakini mistari peke yake isikutie kiwewe, mtu anayeharisha sana anaweza kuwa nayo na hajaziba popote.

Kuna sura moja naomba mjifunze kuitambua maana inaua watu kimya kimya. Tumbo limevimba, mgonjwa anatapika, na picha inaonyesha karibu hakuna hewa kabisa, kijivu kitupu. Mtu mgeni anasema picha iko sawa. Haiko sawa, inawezekana utumbo wote umejaa maji, na kama nilivyosema maji hayaonekani. Tafuta vitundu vidogo vya hewa vilivyojipanga mstari kama shanga zilizotungwa, hivyo ni vibubujiko vilivyonasa kwenye mikunjo ya utumbo uliojaa maji. Ukiona shanga, utumbo umetanuka na umeziba hata kama hukuona weusi mkubwa popote.

Ukishasema umeziba, uliza kwa nini. Kwetu huku anza na ngiri, tafuta kipande cha hewa kilichoshuka chini ya mstari wa kinena, upande mmoja tu. Kama ana kovu fikiria mishikamano ya utumbo. TB ya tumbo ipo, msiisahau kwa mtu aliyekonda na homa za jioni. Kwa mtoto, minyoo: askarisi wakijikusanya wanaonekana kama fundo la tambi ndani ya utumbo, nyuzi za kijivu zilizosokotana na hewa nyembamba katikati yake.

Punje ya buni

Hapa nitakaa kidogo. Sigmoidi kujisokota ni ugonjwa ambao Ulaya wanauona zaidi kwa wazee wa kwenye nyumba za kulelea, ila kwenye nchi nyingi za Afrika, sisi Afrika Mashariki tukiwemo, unampata hata mwanaume wa miaka 40 anayelima, aliyekuwa mzima wiki iliyopita. Sigmoidi ikiwa ndefu na shina lake jembamba inazunguka kwenye shina hilo, mlango wa kuingia na wa kutoka vyote vinafungwa, hewa inabaki ndani inajaa inajaa.

Kwenye picha unaona mkono mmoja mkubwa ajabu, umetoka kwenye nyonga umepanda juu, mara nyingi kuelekea kulia chini ya ini, kuta zimelainika, vile vifuko vifuko havipo tena. Na katikati yake kuna mstari mnene wa kijivu unaoshuka mpaka kwenye nyonga. Waliokulia Bukoba au Moshi chukua punje ya buni uiweke kiganjani, upande bapa juu, ile mfereji wa katikati ndo mstari wenyewe, ni kuta mbili za utumbo zilizobanana. Mkiiona mara moja hamtaisahau. Juu ya hiyo punje mara nyingi koloni iliyobaki nayo imejaa, na puru ni tupu, haina hewa.

Sekamu ikijisokota ni tofauti. Inahama kutoka kulia chini inaweza kwenda kukaa kushoto juu, vifuko vyake kwa kawaida bado unaviona, na utumbo mwembamba unatanuka pamoja nayo. Na kuna ile mbaya zaidi, sigmoidi na utumbo mwembamba vikifungana fundo, picha inachanganya maana unaona dalili za kuziba kwa vyote viwili, na mgonjwa anashuka presha haraka kuliko ulivyotarajia. Huyo usimalizie muda kwenye boksi la taa.

Ukishaona buni, swali linalofuata sio la picha, ni la tumbo. Tumbo bado laini, hana homa, mapigo yanaeleweka, basi hewa inaweza kutolewa kwa kamera au mpira kupitia puru na mtu mwenye ujuzi, kisha upasuaji upangwe, kwa sababu ukiishia kutoa hewa tu linajirudia kwa wengi. Tumbo limekuwa gumu kama ubao, hapo ni chumba cha upasuaji moja kwa moja, hakuna kumtia mpira.

Koloni ikiziba kwa uvimbe, hewa unaifuata inajaa mpaka mahali fulani, ghafla inakatika, mbele yake pakavu. Weka alama hapo ilipokatika. Alafu rudi uipime sekamu, ndo yenye ukuta mwembamba na ndo inayopasuka kwanza, ikipita 9 mjulishe mkubwa wako, ikikaribia 12 na anaumia ukimgusa kulia chini huna muda.

Utumbo uliolala bila kuziba, yaani baada ya upasuaji, potasiamu ikishuka, au usaha ndani ya tumbo, unatanuka wote, mwembamba na mpana, na hewa unaikuta mpaka puru. Ukisikiliza kwa stetoskopu kimya. Mpime potasiamu.

Hewa iliyotoka nje

Kama unahofia utumbo umetoboka, kidonda cha tumbo kimepasuka au homa ya matumbo imetoboa, picha unayoitaka sio ya tumbo. Ni ya kifua, amesimama au amekaa wima. Na mkalishe wima dakika 10 hadi 15 kabla ya kupigwa, hewa ipate muda wa kupanda. Hapa ndo wengi wanaharibu, mgonjwa anatolewa kwenye machela anasimamishwa anapigwa hapo hapo, hewa bado iko mbele ya utumbo, picha inasomwa safi. Ikifanywa vizuri hata mililita chache mno zinaonekana.

Unatafuta nini? Chini ya kiwambo cha kulia, kati ya kiwambo na ini, utepe mweusi mwembamba uliopinda kama kipande cha ukucha ulichokata. Kulia ndo rahisi kwa sababu chini yake kuna ini la kijivu. Kushoto kuna hewa ya mfuko wa chakula inakuzingua, angalia unene wa mstari, kati ya hewa iliyo nje na pafu kuna kiwambo peke yake, utepe mwembamba sana, ila hewa ya ndani ya mfuko ina kiwambo na ukuta wa mfuko, utepe mnene. Na kuna watu koloni yao imepanda ikajipenyeza kati ya ini na kiwambo, jina lake Chilaiditi, ukiangalia vizuri utaona mikunjo ya vifuko ndani ya weusi ule, hiyo sio hewa huru, usimpasue mtu kwa ajili yake. Na aliyepasuliwa tumbo siku chache zilizopita anaweza kuwa na hewa iliyobaki bila tatizo lolote.

Mgonjwa hawezi kukaa? Mlaze ubavu wa kushoto dakika 10, mionzi ipite kwa mlalo, hewa itapanda juu ya ini upande wa kulia. Na hilo likishindikana, bado picha ya chali inaweza kukuambia. Kwa kawaida unaona upande wa ndani tu wa ukuta wa utumbo, kwa sababu hewa iko ndani. Ukiona ukuta pande zote mbili, ndani na nje, umechoreka kama mstari wa chaki, basi hewa iko pande zote mbili. Alama hii aliieleza Leo Rigler, daktari Mmarekani wa mionzi, mwaka 1941, na mpaka leo inafanya kazi kwenye hospitali isiyo na kitu. Tahadhari, mikono miwili ya utumbo iliyolala pamoja inaweza kuiga sura hiyo, tafuta zaidi ya sehemu moja.

Na hili niliandike peke yake. Kutoona hewa hakumaanishi hakujatoboka. Kidonda kinaweza kujiziba kwa mafuta ya tumbo, na homa ya matumbo inaweza kutoboa kitundu kidogo kinachovujisha uchafu bila hewa ya kuonekana. Tumbo gumu, homa ya wiki mbili, ghafla maumivu makali, picha safi: mpigie simu daktari wa upasuaji hivyo hivyo.

Weupe

Ukimaliza weusi rudi utafute weupe ambao sio mfupa. Mawe ya figo mengi yana chokaa, ila madogo yanafichwa na kinyesi na mifupa, kwa hiyo picha safi haimwondolei mtu jiwe. Fuata njia ya mrija wa mkojo: unashuka kwenye ncha za vile vibawa vya pingili za kiuno, unapita mbele ya kiungo cha nyonga na uti wa mgongo, unafika kwenye mwiba wa mfupa wa nyonga kisha unapinda ndani kwenda kibofu. Kitone cheupe kwenye njia hiyo ni mshukiwa. Kilicho chini kabisa ya nyonga, mviringo laini, katikati kimefifia, mara nyingi ni chokaa kwenye mshipa wa damu, hakina neno. Mawe ya nyongo ni kinyume, machache tu yanaonekana, kumi mpaka ishirini kwa mia, kwa hiyo nyongo peleka ultrasaundi.

Mnaofanya kazi Pemba, Unguja, pwani na kanda ya ziwa kuna jambo lenu. Mstari mwembamba mweupe unaozunguka kibofu chote kwenye nyonga, mviringo mzuri kama fuvu la kichwa cha mtoto tumboni, hicho ni kichocho cha mkojo cha miaka mingi, chokaa imekaa kwenye ukuta wa kibofu. Watu wameupita huo mstari wakidhani ni kibofu kimejaa dawa ya kupigia picha. Muulize kama anakojoa damu, na usiishie kumpa dawa ya kichocho ukamruhusu, kibofu cha namna hiyo kinaweza kupata saratani, apimwe na figo ziangaliwe kama zimevimba.

Mifupa itazame hata kama hukuiombea picha. Pingili mbili zimeliwa na nafasi kati yake imepotea, msuli wa soasi pembeni umevimba, hapo maumivu ya tumbo yalikuwa TB ya mgongo. Mzee mwenye pingili zenye mabaka meupe meupe, muulize mkojo, pima tezi dume.

Kwa watoto nitasema machache tu. Kichanga anayetapika kijani, hewa mbili tu juu, kubwa kushoto na ndogo kulia, chini hakuna kitu: duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) haikufunguka, na mwangalie kama ana dalili za Down. Njiti aliyevimba tumbo, ukiona hewa imejichora ndani ya ukuta wa utumbo kama mistari pacha au povu, acha kumlisha, anza antibayotiki, piga simu. Na mtoto aliyemeza kitu cha duara, usiseme "sarafu" mpaka umekuza picha ukaangalia ukingo. Betri ya kitufe, ile ya rimoti na midoli, ina pete mbili, ukingo ndani ya ukingo. Sarafu ikishashuka tumboni kwa kawaida itatoka yenyewe, ila betri iliyokwama kwenye koromeo la chakula inaunguza ndani ya masaa 2, huyo hasubiri asubuhi.

Usipige kila tumbo

Picha moja ya tumbo ina mionzi ya picha za kifua zaidi ya 30. Kidole tumbo haisaidii, damu ya kutapika haisaidii, kukosa choo kwa kawaida haisaidii, maumivu ya siku nyingi yasiyoeleweka haisaidii. Piga ukiwa na swali: limeziba? kibofu na mirija ina jiwe? amemeza nini? Kama huna swali, jibu la picha litakupoteza.

Unapompigia simu mkubwa wako

Usimwambie "picha sio nzuri". Sema hivi: "Shikamoo daktari, samahani kwa usiku, ni intani wa wodi ya wanaume. Nina mzee wa miaka 58, tumbo limejaa siku 2, hatoi upepo, kinena safi, hana kovu, puru tupu. Picha amelala chali, kinena kimeingia. Kuna mkono mmoja wa utumbo mpana umetoka kwenye nyonga umepanda kulia, vifuko havipo, mstari katikati, upana wake sentimita 11. Koloni ya juu yake imejaa, sekamu 8. Kifua amekaa dakika 15, hewa chini ya kiwambo sijaiona. Tumbo bado laini, mapigo 96, presha 120 kwa 70." Kwa maneno hayo tu anaweza kuamua akiwa bado hajavaa viatu.

Akitaka umtumie, zima taa za chumba, usitumie flashi, simu iwe sambamba na film sio kuielekeza kwa kuinamisha, piga moja ya tumbo zima kisha moja moja kwa robo zake, na ufunike jina la mgonjwa kwa kipande cha plasta kabla hujabonyeza. Na wakati unangoja ajibu, dripu iwe inaingia, mpira wa puani uwe umeshawekwa, mpira wa mkojo pia, na damu ya kupima kundi iwe imeshafika maabara.